Shamba la Nani?

Mchoro wa chuo cha kilimo ambacho dayosisi yetu inataka kukijenga ulianza na geti. Mchoraji alikuwa amelishughulikia kuliko kitu kingine chochote: nguzo mbili za mawe, bati la kuandikia jina la dayosisi, kibanda cha mlinzi chenye dirisha dogo. Baada ya geti lilifuata jengo la utawala, halafu kanisa, madarasa manne, mabweni mawili na bwalo. Shamba lilikuwa ile sehemu ya karatasi iliyobaki nyeupe upande wa chini. Kwa kuwa haikupendeza kuiacha tupu, paliandikwa kwa penseli: "eneo la mazoezi".

Niliukunja mchoro mara nne nikautia begini. Kamati ya chuo ilikuwa imenipa nauli, barua yenye muhuri na siku kumi, nizunguke nione kanisa limefundishaje kilimo kule lilikotangulia. Sikuchaguliwa kwa hekima. Katika wajumbe tisa ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa bwana shamba, na ni mimi pia, mstaafu, ambaye hakuna anayemngoja popote.

Kwetu ni Kongwa, na mtu wa Kongwa akitajiwa mradi mkubwa wa kilimo hucheka kwanza. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta na wahandisi kulima karanga. Vita vilikuwa vimekwisha na kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, hivyo wakapanga kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika: huku kwetu, Urambo na Nachingwea. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya trekta. Nyuki wa mibuyuni wakawatawanya madereva. Kiangazi kilipoingia udongo ukakaza kama saruji, karanga zikagoma kutoka. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikaenda nao. Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama kwenye udongo huohuo tangu enzi na enzi walikuwepo muda wote, ila walikuwepo kama vibarua wa kung'oa visiki.

Nayataja haya kwa sababu ekari 80 ambazo kijiji kimeipa dayosisi ziko mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka yalipokuwa mashamba hayo. Udongo ni uleule.

Niliondokea Kibaigwa alfajiri, maroli ya mahindi yakiwa bado yamejipanga sokoni, maturubai yamelowa umande. Chalinze nikabadili gari, Msata nikabadili tena, na alasiri nikawa Bagamoyo, shati limenigandia mgongoni. Sisi wa bara tukifika pwani hutokwa jasho hata tukiwa tumekaa.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa Machi 1868 wakitokea Unguja. Padre Antoine Horner na mwenzake Étienne Baur walikuwa na watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa, soko ambalo lingefungwa miaka mitano baadaye, 1873. Watoto walihitaji kula. Kwa hiyo kabla misheni haijawa kitu kingine ilikuwa shamba: minazi, mboga, vanila, kahawa iliyotoka kisiwa cha Réunion. Watoto walisali, walisoma, walilima. Waliokua wakaoana walipewa nyumba na kishamba katika kijiji kilichoitwa cha uhuru. Mwaka 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila kilichosimama, wakaanza upya.

Kijana anayewatembeza wageni alinipeleka kwenye mbuyu. Ulipandwa mwaka ule wa 1868, na sasa watu wanne wakishikana mikono sidhani kama wanauzunguka. Usawa wa kiuno, kipande kifupi cha mnyororo kimechomoza kutoka kwenye gome kama ulimi. Mwaka 1895 muuguzi wa misheni, Madame Chevalier, alifunga mnyororo kwenye shina ili amfungie punda wake. Aliondoka bila kuufungua. Mbuyu ukaendelea kunenepa, ukaumeza.

"Wageni wengi wanadhani ni wa watumwa," kijana akaniambia. "Nikisema wa punda, wanaudhika kidogo."

Nilikaa kwenye kivuli cha miembe inayopanga njia ya misheni nikajaribu kumfikiria mtoto mmoja tu kati ya wale. Jana yuko sokoni Unguja anakaguliwa meno. Leo yuko Bagamoyo anakabidhiwa jembe. Najua tofauti ni kubwa: hapa alikula alichokilima, na hakuna aliyemnadi tena. Hata hivyo, sidhani kama kuna aliyemuuliza kama anataka kulima. Jembe lilikuwa limekwisha kuamuliwa, kama nguo na jina la ubatizo. Siwalaumu wale mapadre. Watoto mia wakiwa na njaa, mtu hafanyi mkutano. Nasema tu kwamba huo ndio mwanzo wa shule ya kilimo ya kanisa katika nchi hii, na kwamba niliutambua, kwa sababu nami nimepitia toleo lake la baadaye.

Nilisoma shule ya msingi miaka ya 1970. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, na ukiisoma leo utaona alichokisema: shule iwe na shamba, na wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mazao yatumikeje. Shuleni kwetu lilifika lile neno la kwanza tu, shamba. Ukichelewa namba, matuta mawili. Ukisikika unaongea Kigogo darasani, matuta manne. Mahindi yalipokomaa yalipakiwa kwenye mkokoteni kwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, na waliousukuma ni sisi. Sijawahi kumwona mtoto aliyeadhibiwa kwa kupewa hesabu za kufanya. Adhabu ilikuwa jembe, siku zote. Halafu nikaajiriwa, nikatumia miaka thelathini kuwashawishi watu wazima wakipende kitu walichofundishwa sambamba na kiboko.

Basi la kwenda Moshi lilijaa, na nitasema machache juu yake. Mombo tuliteremka kula chipsi zilizokuwa zimepoa. Same jua lilituchoma upande mmoja, na mama aliyeketi karibu nami akanigawia machungwa ya Muheza bila kuniuliza ninakwenda wapi. Jioni tukashuka Himo, na kesho yake nikapanda gari dogo kuelekea Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Nilitaka kwenda Kilema kwa sababu ya ile kahawa ya Réunion. Joto la pwani haliifai arabika, ila mbegu ilipanda mlima pamoja na mapadre. Waliingia Kilema mwaka 1890, kwa Mangi Fumba, na kabla karne haijageuka mibuni ilikuwa imeota pale. Wenzao wa shirika hilohilo wakaipanda na Bura, kwa Wataita. Waliokuja kuichuma na kuiuza kwa wingi ni Wachaga wenyewe, waliokuwa na chama chao cha wakulima mwaka 1925 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, masetla wakinung'unika. Katika mambo yote ambayo kanisa limewahi kuyapanda katika ardhi hii, sijui kama kuna lililotambaa haraka kuliko mbuni.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa mtu niliyefanya naye kazi zamani. Anakaribia miaka tisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na jembe au na kalamu?"

Nikamwonyesha kalamu. Akacheka, akanitembeza.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, hakina njia iliyonyooka. Unainama chini ya mgomba, unaruka mfereji, wenyewe wanauita mfongo, na maji yanapita kwa zamu ambazo wazee hupangiana. Juu kabisa kuna miti ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Chini ya mibuni magimbi na maharage. Nyuma ya nyumba ng'ombe mmoja amefungiwa bandani, anakatiwa mabingobingo na majani ya migomba, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba uleule uliomlisha. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa mzunguko wa rutuba kwa mchoro wenye mishale. Hapa mishale ilikuwa ng'ombe, mama na ndoo.

Nikamwambia nimekuja kuona mahali mapadre walipoanza kufundisha kilimo. Alisimama akaniangalia kama anayetafuta neno la kunifaa.

"Mapadre walileta mbuni, tunawashukuru. Kihamba walikikuta."

Akanionyesha tunda la kahawa lenye doa jeusi lililobonyea kama alama ya kidole: chulebuni. Dawa ni ghali, bei ya kahawa hupanda na kushuka, na mjukuu wake amekata nusu ya mibuni apate nafasi ya ndizi za kuuza. Mjukuu mwenyewe hakuwepo. Yuko Himo, ana bodaboda. Nikauliza kama anajua kukata matawi ya kahawa. Mama akasema anajua sana, babu yake alimfundisha; ila anajua pia kuhesabu.

Chuo nilichokwenda siku iliyofuata sitakitaja jina, kwa sababu sista anayekiongoza alinifungulia madaftari ambayo hakulazimika kunifungulia. Vya namna yake vinajulikana: Wakatoliki wa Moshi wana Kilacha, Walutheri wa Kagera wana Igabiro huko Muleba. Mimi ni Mwanglikana, na barua yangu ilikuwa na muhuri wa askofu ambaye sista hakuwahi kumsikia. Aliisoma, akaikunja, akaagiza chai.

Nikatandaza mchoro mezani. Aliutazama muda mrefu.

"Maji yako wapi?"

Nikasema tutachimba kisima.

"Mmepima?"

Kimya.

"Ng'ombe watalala wapi?"

Nikaonyesha ule weupe wa chini. Akaweka kikombe chake juu ya maneno "eneo la mazoezi", nadhani bila kukusudia, kikaacha duara la chai.

"Na geti hili kubwa hivi, mnamzuia nani?"

Hilo niliweza kulijibu. Katika kamati yetu kuna mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya kanisa ilipotaifishwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1969. Anasema asubuhi moja walikuta kibao kipya, na jina la aliyeijenga halipo. Mkataba wa Maelewano kati ya serikali na makanisa ulitiwa saini mwaka 1992, na tumemsomea mara nyingi, lakini yeye anataka jina lichongwe kwenye mawe. Sista alitikisa kichwa, akasema kwao pia yupo mzee kama huyo.

Wao walianza na zizi na tangi la maji. Miaka ya mwanzo hakikuwa chuo. Kilikuwa kituo ambapo wakulima wa vijiji vya jirani walikuja wiki mbili, wakalala kwenye ukumbi wa parokia, wakajifunza kitu kimoja wakarudi. Kitu kimoja tu: kunyonyesha ndama kwa ndoo, au kupanda kwa mistari. Usajili ulikuja baadaye, na wote mlio kwenye elimu mnajua maana yake: mitaala ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, walimu wenye vyeti, maabara, maktaba, wanafunzi wenye D nne za kidato cha nne wanaoanza na astashahada ya awali na kupanda hadi stashahada. Sista hakulalamikia hayo. Alisema yamewasaidia kunyoosha mambo. Ila wakulima waliokuwa wakija wiki mbili hawana D nne, na siku chuo kilipopata cheti cha usajili, wao walipotea kwenye ratiba. Ilimchukua miaka kuwarudisha, na sasa wana miezi yao, wanafunzi wakiwa likizo.

Kisha akaniambia kuhusu shamba. Mwanzoni chuo kilikuwa na ekari nyingi za mahindi na wanafunzi walilima kwa zamu, kila darasa na siku yake.

"Mahindi yalikuwa ya chuo, kwa hiyo hayakuwa ya mtu. Mbuzi wa jirani waliyajua kuliko wanafunzi."

Sasa kila mwanafunzi anaingia na kupewa kipande chake, hatua kumi na tano kwa kumi. Mbegu na mbolea anakopa stoo, anasaini. Mboga anaiuzia jiko la chuo kwa bei ya soko la siku hiyo, au anaipeleka sokoni mwenyewe akiweza. Mwisho wa msimu deni linakatwa, kinachobaki ni chake, hata kama ni cha kununulia viatu tu. Nikaomba kuona daftari la stoo. Kurasa zimechafuka kwa vidole vya udongo. Kuna aliyepata hasara misimu miwili mfululizo kwa nyanya, wa tatu akahamia vitunguu, na pembeni mtu ameandika kwa wino mwekundu: "hatimaye".

Na hairuhusiwi kumwadhibu mwanafunzi kwa kazi ya shamba. Mwalimu akifanya hivyo anaitwa ofisini. Mwanafunzi mkorofi anaandikishwa insha. Nilimwomba sista arudie hilo, kisha nikaliandika, nikalipigia mstari.

Mchana nilikwenda kuangalia wakifunga majani. Hapo ndipo nilipochukua muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari nzima. Wanafunzi wanne walikuwa na sanduku la mbao lisilo na sakafu wala kifuniko, limewekwa chini juu ya turubai. Binti mmoja, kwao Simanjiro, alitandika kamba mbili za katani ndani, ncha zikaning'inia nje juu ya kingo. Wenzake wakajaza majani makavu, yeye akaingia na kuyakanyaga, visigino vikizama. Wakajaza tena, akakanyaga tena, mpaka yakafika ukingoni na sanduku likaanza kulia. Akavuta ncha za kamba, akafunga fundo, akaegemeza goti akakaza. Kisha wakalinyanyua sanduku juu, kama mtu anayevua shati, na robota likabaki limekaa, lenye pembe nne, la kubebwa na mtu mmoja.

"Nyumbani mnafanya hivi?" nikamuuliza.

"Bado, babu. Baba anasema majani hayafungwi, yanafuatwa."

Nilicheka, kwa sababu hata kwetu ndivyo wasemavyo. Mvua ya Kongwa ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwezi wa sita mabua yamejaa mashambani, watu wanayachoma au wanayaachia mifugo ya wapita njia. Mwezi wa kumi ng'ombe wanainuliwa kwa mkia. Miaka thelathini nilihubiri kuhifadhi malisho, nikiwa na vipeperushi vyenye picha ya mashine ya kufungia inayovutwa na trekta. Trekta lenyewe halikuwa sehemu ya kipeperushi.

Sikuwa na futi ya kupimia. Nikaomba kamba, nikapima urefu wa sanduku nikapiga fundo, upana fundo, kina fundo, nikaiviringisha nikaitia mfukoni.

Jioni sista akanifungulia daftari la mwisho, la waliomaliza. Analijaza mwenyewe kwa kuwapigia simu. Safu zake ni: serikalini, maduka ya pembejeo, mashamba ya wawekezaji, kwao, hajulikani. Safu ya "kwao" ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Nadhani aliona macho yangu yalipoishia.

"Nisikudanganye, mzee wangu. Mzazi anauza ng'ombe amlete mtoto hapa ili asilime."

Sikuwa na la kusema. Mimi mwenyewe nina watoto wanne, na hakuna anayelima.

Nilirudi Kongwa siku ya kumi. Kikao kilianza saa nne kwa sala, na saa tano tulikuwa bado kwenye geti. Nilipendekeza tusijenge kitu chochote kabla ya kupima maji, tuanze na zizi na wakulima wa wiki mbili, na vipande vya wanafunzi viandikwe kwenye katiba ya chuo kabla ya jina la mkuu wa chuo. Mchungaji mmoja aliuliza kama wafadhili watakubali kupigwa picha mbele ya zizi. Swali lilikuwa la haki. Mzee wa mwaka 1969 akasema zizi ni sawa, ila liwe na kibao. Mwishowe tulikubaliana juu ya maji tu. Mengine yameahirishwa hadi baada ya mavuno. Kwenye mchoro, duara la chai bado lipo.

Sikungoja mavuno. Jumatatu nilikwenda kwa fundi seremala wa Kibaigwa, yule aliye nyuma ya soko, nikampa ile kamba. Aliinyoosha, akaangalia mafundo matatu, akanitazama kwa upole wa mtu aliyezoea wateja wenye msiba.

"Pole, mzee. Ni la mtoto?"

"Ni la majani."

"La majani," akarudia, akiandika kwenye kipande cha mbao. "Kifuniko cha bawaba au cha misumari?"

"Halina kifuniko."

Akaandika. "Na chini tuweke mbao za inchi ngapi?"

"Chini pia halina."

Akaweka penseli sikioni, akaniambia nikae kwanza.